Kona Isiyo na Mwenyewe

Sisi tuliokulia Majengo, Goma, kabla mlima wa moto haujashuka mjini, kisha tukamalizia kukua juu ya mawe yake, tulijifunza kuhesabu kwa ngumi. Un, deux, trois, mpaka dix, na ukifika dix kuna mtu amelala chini. Nilijua kuhesabu vizuri kabla sijatia mguu shuleni, ila sikujua kama kuna namba nyingine baada ya kumi. Ziwepo za nini? Mtu ameshashindwa. Siku ya kwanza mwalimu alipotamka onze, kumi na moja, nilidhani ananitania.

Papa yangu alikuwa fundi wa nguo siku sita za juma. Siku ya saba, misa ikishaisha, alikuwa arbitre, mwamuzi wa ngumi. Alivaa shati jeupe, suruali nyeusi iliyopigwa pasi ya makaa, na tai ya kipepeo aliyojishonea kwa masalio ya kitambaa cha sutana ya padri. Mfukoni alikuwa na kitabu cha sheria cha jalada la kijani, alichopewa Bukavu alipofuata mafunzo ya wiki mbili enzi za ujana wake. Kitabu kile alikijua kwa moyo, lakini alikibeba hata hivyo, na mtu akibisha alikifungua ukurasa wenyewe na kuweka kidole. Majengo nzima walimwita Papa Sheria. Mama yeye alimwita vingine. "Huyu bwana anaona makosa ya watu wote," alikuwa akisema, "ila sufuria yenye kuungua ndiyo haioni."

Watoto wa leo wakigombana wanafungiana namba za simu. Sisi tulipigana, tena uani, mbele ya Papa, na glavu alizotushonea mwenyewe kwa sponji ya godoro kuukuu. Kaka yangu Safari alikuwa na mkono mrefu, mimi nilikuwa na meno. Ndiyo maana nikiwa na miaka sita niliondolewa mchezoni rasmi. Papa aliinua kidole, akatamka "Disqualifiée, juu ya kuuma," na jioni ile sahani yangu ikaja na bugali na mboga ya lenga-lenga bila hata sambaza mmoja, wale samaki wadogo wa ziwani. Nililia, nikakata rufaa kwa mama. Mama akasema yeye hakuona pambano, alikuwa anapika.

Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kona. Ulingo una kona nne: moja ya bondia huyu, moja ya bondia yule, na mbili ambazo si za mtu. Ukimwangusha mwenzako, lazima uende ukasimame katika moja ya hizo zisizo za mtu, ndipo arbitre aanze kuhesabu. "Nenda kwa kona yenye haina mwenyewe," Papa alituambia. "Kama haujafika kule, mimi sihesabu." Alitueleza kwamba bila hiyo kona mwenye nguvu angebaki amemsimamia aliyeanguka, akimngoja ainuke ampige tena. Uani kwetu kona hiyo ilikuwa kando ya pipa la maji ya mvua. Mpaka leo nikikasirika najikuta nimesogea penye pipa.

Na hakuwa na ndugu katika mambo hayo. Mjomba wangu, kaka wa mama kabisa, alipiga chini ya mkanda siku moja katika ukumbi wa parokia, na Papa akamtoa nje mbele ya ukoo mzima uliokuja kumshangilia. Mama alimpikia Papa maharagwe yasiyo na chumvi wiki nzima. Papa aliyala yote, akashukuru kila mara. Siku ya nane mama akarudisha chumvi, kwa sababu, alisema, kumwadhibu mtu anayeshukuru ni kujichosha bure.

Halafu vikaja vita. Majina yake siyataji. Vyama vyake vilikuwa na herufi nyingi kuliko watu waliovielewa, na wakubwa wake kila walipogombana waligawana herufi na kuanza upya. Sisi watoto tulijua jambo moja tu: kila mkubwa aliyeingia Goma alikuja na bendera yake, muhuri wake, na bondia wake. Bendera tuliizoea. Muhuri ulikuwa kazi ya wazazi. Bondia ndiye aliyetuharibia Jumapili.

Kulikuwa na mkubwa mmoja ambaye saa ya pambano ilikaa mkononi mwake. Raundi ya dakika tatu iliisha pale kijana wake alipochoka, na siku moja kijana aliposhika kasi raundi ilidumu chupa nzima ya bia, tena ile kubwa. Mwingine alimwondoa bondia wa mtaa wa Birere mchezoni kwa kosa la kumwaga damu juu ya uniforme ya afisa aliyekaa mbele. Damu ilikuwa ya bondia mwenyewe, lakini uniforme ilikuwa ya serikali. Mara nyingine mvua ilikatisha pambano katika raundi ya tatu, na majaji wakatangaza pointi za raundi ya nne, ya tano na ya sita, wakieleza kwamba kijana wa mkubwa alikuwa na nia ya kuzishinda. Watu walipiga makofi. Nyuma yao kulikuwa na askari waliokuwa wakihesabu wasiopiga.

Papa aliitwa kuchezesha mapambano ya namna hiyo, na kila alipoitwa mgongo ulimuuma. Mgongo wa Papa yangu ulikuwa wa ajabu. Wiki nzima uliinama juu ya cherehani bila shida, lakini Jumapili yenye bondia wa mkubwa haukuweza hata kuvaa shati. Mama alimkanda kwa maji ya moto mbele ya mlango, makusudi, wajumbe waone. Hivyo jina lake likabaki safi. Katika mji ambao kila kitu kilikuwa kimeshaguswa na mtu, watu waliweza kusema: Papa Sheria bado.

Kisha mlima ukashuka, mto wa moto ukapita mjini na kuganda kuwa mawe. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwepo hawataamini. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mji mzima. Mama alibeba mdogo wetu mchanga na sufuria, Safari alibeba kuku, mimi nilibeba jeri-kani tupu, sijui kwa nini. Papa alitwika kichwa cha cherehani, na ndani ya shati, kifuani, alikuwa ameweka kile kitabu cha kijani. Godoro, jipya kabisa, lilibaki. Tuliporudi tulikuta nyumba imezikwa mpaka kwenye mabati, na mama akakaa juu ya jiwe lililokuwa bado na joto, akamtazama mumewe akitoa kitabu kifuani. "Sawa," akasema. "Leo tutalalia ukurasa gani?" Sentensi hiyo ilimfuata Papa maisha yake yote. Mvua ikivuja, ukurasa gani? Mboga ikipungua, ukurasa gani?

Nitasema ukweli ambao mtu mzima hapaswi kusema: sisi watoto tulifurahi. Tulichoma mahindi kwenye nyufa za mawe. Ukisimama mahali pamoja sana sandali zilinata, kwa hiyo tulicheza bila kusimama. Shule ilikuwa chini ya mawe pamoja na cahier, daftari zangu zenye alama mbaya. Tuliishi ndani ya hema la bâche, turubai la msaada, na Papa akafunga cherehani yake mlangoni, akaanza kushona mapazia ya watu ambao hawakuwa na madirisha.

Hapo ndipo Kambale alipokuja. Kambale alikuwa jirani yetu, kijana wa Butembo, aliyeteremsha makaa kutoka Kibumba kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, magunia manne kwa safari moja. Ukiteremsha chukudu yenye magunia manne kwenye mteremko ule miaka sita, huhitaji mtu wa kukufundisha kutumia mabega. Mkono wake wa kushoto uliogopwa mpaka Sake. Wakubwa wa wakati ule walikuwa wametangaza pambano la kuwachangamsha wananchi baada ya msiba, juu ya mawe yenyewe. Mshindi angepewa mkanda, na angepelekwa Kampala kupigana kiprofesionali, ulingo wa kweli, glavu mpya, daktari pembeni. Mpinzani wake aliitwa Béton, mlinzi wa komanda aliyeushika mji wakati ule.

Kambale alikaa juu ya jeri-kani mlangoni petu, akazungusha kofia yake mikononi. "Papa Sheria," akasema, "mi naweza kumuangusha ule mutu. Hiyo siogopi. Lakini kama arbitre si weye, bataniibia. Na mi sina maisha ingine ya kungojea."

Mama alianza kutafuta maji ya moto. Papa akamwambia aache. "Leo mugongo haiumi," akasema.

Nakumbuka nilijisikia fahari mpaka nikashindwa kula. Papa yangu angesimamia haki juu ya mawe, mbele ya mji wote, na Kambale angeenda Kampala. Niliwaambia wenzangu wote kwenye foleni ya maji.

Ulingo waliujenga kwa mbao za maboksi ya msaada, na kamba nene walizozitoa ufukweni Kituku, zilizonuka samaki. Kengele ilikuwa rimu ya lori. Watu walijaa juu ya mawe mpaka juu ya mabati ya nyumba zilizozikwa, na kwa vile mawe yalikuwa bado na moto chini, umati wote ulikuwa ukibadilisha miguu, kushoto, kulia, kushoto, ungedhani ni misa ya furaha.

Komanda alifika, akajaribu kukaa mbele, akaona soli za viatu vyake zinalainika. Akaamuru kiti chake kipandishwe ulingoni. Ndani ya kamba. Wakakiweka kwenye kona, na walinzi wawili wakasimama kando yake na bunduki zao. Kwenye kona ya pili isiyo ya mtu walikuwa wameshaweka groupe, jenereta ya umeme ya kuchezesha muziki, nayo ikitoa moshi.

Papa alitazama kona moja, akatazama ya pili. Akatoa kitabu, akasogea na kipepeo chake shingoni.

"Mon commandant, pardon. Hii kona inapaswa ikuwe wazi. Ile ingine pia. Ni sheria."

"Mawe iko moto, muzee. Unataka niunguze viatu?"

"Basi batoe hata groupe."

"Nayo itaungua. Anza tu. Sisi tutafanya kama hatuko hapa."

Kosa la Papa yangu lilikuwa hapo, si baadaye. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo mara nyingi. Arbitre asiye na kona haanzishi pambano. Alipaswa kufunga kitabu, kushuka, na mgongo umuume. Lakini Kambale alikuwa ameshavaa glavu, anaruka-ruka kwenye kona yake, na Papa alijidanganya kwamba pengine hakuna atakayeanguka, ataamua kwa pointi. Akaashiria. Rimu ikapigwa.

Raundi tatu Béton alimkimbiza Kambale, na kila mara Kambale aliporudi nyuma upande wa kiti, walinzi walikohoa. Raundi ya nne ule mkono wa kushoto ukatoka. Sikuuona ukienda, niliuona ukirudi. Béton aliketi kwanza, akafikiri kidogo, kisha akalala.

Papa akanyoosha mkono kama kitabu kinavyosema. Kambale alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikimbia moja kwa moja kwenye kona isiyo ya mtu, akamkuta komanda. Mlinzi akainua mdomo wa bunduki kidogo, si sana. Kambale akageuka, akakimbilia kona ya pili, moshi wa moto ukampiga miguuni, na askari mwenye kulinda groupe akamsukuma kifuani. Akarudi kwenye kiti. Akasukumwa. Akarudi kwenye groupe. Mwishowe akasimama katikati ya ulingo, mikono imelegea, akamtazama Papa.

Papa hakuwa ameanza kuhesabu. Hakuweza. Bondia hajafika kwenye kona.

Basi umati ukahesabu wenyewe. Un, deux, trois. Majengo nzima, akina mama, watoto, wanakwaya, na mimi nikipiga kelele kuliko wote. Tukafika dix tukashangilia. Papa akabaki ameelekeza mkono kwenye kona. Tukaendelea: onze, douze, treize. Ndipo nilipoelewa namba za baada ya kumi zina kazi gani. Tulifika quarante, arobaini na kitu, na Béton bado alikuwa amelala, mkono mmoja chini ya shavu.

Komanda akainua kidole. Hakuwa mjinga, alikuwa amesikiliza vizuri kuliko sisi wote.

"Arbitre, ule mutu anakataa kuenda kwa kona. Kitabu yako inasema nini juu ya mutu mwenye kukataa?"

Kitabu kilisema. Papa alijua ukurasa. Nilimwona akitugeukia. Alimtazama mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, akamtazama Safari, akanitazama mimi. Mama hakufanya ishara yoyote. Siku zote nimejiuliza ingekuwaje kama angefanya. Papa akashika mkono wa Kambale, si kuuinua, akauteremsha.

"Disqualifié," akasema, kwa sauti ile ile aliyoniambia mimi juu ya kuuma.

Ni pambano pekee ninalolijua ambalo mshindi aliinuliwa mkono akiwa usingizini. Walimfunga mkanda amelala, na mmoja wao ilibidi ampindue kidogo ili upite chini ya mgongo. Muziki ukawashwa. Msaidizi wa Kambale alikuwa ameshakimbia, hivyo aliyemfungua kamba za glavu alikuwa Papa yangu mwenyewe, fundi wa nguo aliyefungua mafundo ya watu kila siku, na safari hii vidole vikakataa. Nilikuwa nimesogea mpaka chini ya kamba. Nilimsikia Kambale.

"Papa, nilienda. Weye uliona kama nilienda."

"Niliona," Papa akasema.

Hatukupigwa mawe. Ingekuwa afadhali. Watu walituonea huruma, wakatusalimu vizuri, wakaleta nguo zao kushonwa. Ila wakaanza kumwita Papa Furaha, kwa jina langu, kama baba mwingine yeyote. Hakuchezesha tena. Kitabu kiliingia ndani ya bati la maziwa ya msaada. Safari aliponipiga uani nilingoja mtu ahesabu, na cherehani ikaendelea kulia mlangoni. Kambale alirudi kwenye chukudu yake, akapita kwetu kila asubuhi na makaa, akasema "Jambo, papa," na hilo "jambo" ndilo lililomzeesha Papa yangu.

Béton alikwenda Kampala. Inasemekana huko kona zilikuwa wazi, na alilala raundi ya kwanza. Komanda naye alihama herufi. Miaka michache baadaye alirudi na bendera nyingine, akasimamisha gari mbele ya cherehani yetu, akamshika Papa bega. "Arbitre yangu," akasema, kwa mapenzi ya kweli. Papa akamwambia mgongo unamuuma.

Leo mwanangu anatazama ngumi kwenye simu, na Jumamosi anakwenda na wenzake Himbi penye skrini kubwa. Wana kamera juu, kamera chini, wanarudisha ngumi moja polepole mara kumi, halafu wanakesha wakitukanana na watu wasiowajua kwamba wameibiwa. Wameibiwa nini, hawajui hata jina la mtaa wa yule bondia. Namwambia: sisi tuliibiwa na mtu tuliyekula naye nyumbani. Ananiambia, "Mama, hiyo muda mulikosa VAR." Namwambia kamera ingemwonyesha komanda vizuri sana, tena polepole.

Mwaka ambao Papa alianza kuumwa kweli, mgongo huo huo, tulimlaza sebuleni. Mchana mmoja Kambale akaja kumsalimia. Sasa ni mtu mzima wa tumbo, anauza mbao, ana wajukuu. Alileta sambaza wabichi kwenye jani, akampa mama, akakaa. Wakazungumza habari za mvua. Kisha Papa akaniomba lile bati la maziwa. Sikujua kama bado anakumbuka lilipo. Nikalileta, akatoa kitabu.

"Kambale," akasema, "simama. Enda kwa kona."

Kambale alimtazama kidogo. Kisha akasimama, mzee mzima, akaenda kwenye kona ya sebule. Palikuwa na mabeseni ya mama. Mama, ambaye miaka yote alikuwa na neno la kusema, akainuka bila neno lolote, akayaondoa moja moja mpaka kona ikawa wazi. Kambale akasimama pale, mgongo ukutani, mikono imelegea.

Papa akahesabu. Alihesabu jinsi kitabu kinavyotaka, kwa mkono na kwa mdomo. Kwenye huit pumzi ilimwisha, akakohoa sana, nami nikafungua kinywa nimsaidie. Akanikataza kwa kidole. Tukangoja. Neuf. Dix. Akanyoosha mkono, Kambale akaja akapiga magoti ili ufikiwe, na Papa akauinua ule wa kushoto mpaka pale nguvu zake zilipoishia, karibu na sikio. Kambale alilia mbele yetu wote. Mama akaenda kukaanga sambaza, na akawaunguza.

Tulimzika Papa na kipepeo chake. Mji umebadilisha bendera tena tangu wakati ule, kona zote zina viti, na vijana wanangoja skrini iwaambie nani ameanguka. Mimi sina ubishi nao. Wao wana kamera zisizochoka. Sisi tulikuwa na mtu mmoja aliyeogopa, akachelewa miaka ishirini, akarudi akamaliza kuhesabu.